MGONJWA WA SARATANI ASIPOTEE NJIANI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Ihumwa, Dodoma.



Nimeombwa niseme machache juu ya ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu tumezoea kuuita kansa. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuja kuwatisha, wala sikuja kuwafundisha utabibu. Madaktari wapo, na kazi yao wanaijua. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo linalotuhusu sote, nalo ni safari ya mgonjwa: tangu siku anapoona dalili ya kwanza nyumbani kwake, mpaka siku anapopata tiba, na mpaka anaporudi tena kwa watu wake, awe amepona au hakupona. Safari hiyo ni ndefu, na wagonjwa wetu wengi hupotea katikati yake.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao 40,000 walipata saratani hapa Tanzania, na wapatao 27,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa upande wa wanawake, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na ile ya matiti. Kwa wanaume inayoongoza ni saratani ya tezi dume. Aidha, madaktari wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wameeleza mara nyingi kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa wanaowapokea hufika wakati ugonjwa umekwisha kuenea mwilini.

Hesabu hiyo ya mwisho yatupasa kuitafakari. Mtu anayefika Dar es Salaam akiwa na uvimbe uliokwisha kuenea hakuanza kuumwa juzi. Alikuwa miongoni mwetu kwa miezi mingi, pengine kwa miaka. Alikaa nasi msibani na harusini, alikuja shuleni kwenye kikao cha wazazi, alipanga foleni ofisini kwetu. Tulimwona, lakini hatukujua, au tulijua tukanyamaza.

Kabla sijaendelea yafaa niondoe dhana moja. Wapo wanaosema kwamba saratani ni ugonjwa wa Wazungu, au wa matajiri, au ni laana iliyomshukia mtu kwa matendo yake. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alifariki tarehe 14 Oktoba, 1999, katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu. Taifa lilielezwa jina la ugonjwa wake, na hapana mtu aliyepunguza heshima yake kwake kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mpaka leo katika mitaa na vijiji vyetu ugonjwa huu hutajwa kwa kunong'ona. Ikiwa ugonjwa wa Mwalimu uliweza kutajwa mbele ya dunia nzima, hapana sababu ugonjwa wa mama wa Ihumwa ufichwe kana kwamba ni kosa la jinai. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Wala si kweli kwamba nchi yetu haina tiba. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, nao waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1980, katika nchi iliyokuwa huru, ilianza kutumika kwa tiba ya saratani ikiwa sehemu ya Muhimbili, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea. Mwaka 2018 iliongezewa mashine mpya ya mionzi. Hospitali za rufaa za Bugando huko Mwanza na KCMC huko Moshi nazo zimeanzisha huduma za saratani. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015, na mipango ya kujenga kituo cha saratani hapo imekwisha kutangazwa. Hata njia yenyewe imefupika. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 huimaliza kwa saa zipatazo 4 safari ambayo kwa basi ilikula sehemu kubwa ya siku.

Basi, ikiwa tiba ipo, mbona wagonjwa wanafika wamechelewa?

Tuchukue mfano wa mama mmoja, ambaye si mtu fulani bali ni wengi waliokusanywa katika mtu mmoja. Ana umri wa miaka 42. Analima uwele na ana shamba dogo la zabibu. Siku moja aona damu ambayo si ya mwezi. Amwambie nani? Mumewe anamwonea haya. Jirani atasema amerogwa. Anajitibu kwa mizizi, anangoja zabibu zivunwe, anangoja watoto wafungue shule. Miezi inapita. Hapo amepotea mara ya kwanza, naye hajatoka nje ya ua wake.

Hatimaye anakwenda zahanati. Mhudumu ana wagonjwa wengi siku hiyo, tena hakumwuliza kwa utaratibu. Anampa vidonge na kumwambia arudi. Anarudi, anapewa vidonge vya aina nyingine. Hakuna aliyemtazama mahali penyewe panapouma. Hapo amepotea mara ya pili.

Siku anapopewa barua ya rufaa anafika hospitali kubwa. Kipande cha nyama kinakatwa na kupelekwa maabara, naye anaambiwa arudi kuchukua jibu. Namba ya simu aliyoiandikisha ni ya kijana wake, na kijana amekwenda kutafuta kazi mbali. Jibu linatoka, mwenyewe hayupo. Karatasi inawekwa ndani ya jalada, jalada linawekwa ndani ya kabati. Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumtafuta. Hapo amepotea mara ya tatu, na kupotea huku ndiko kunakosikitisha kupita kote, maana hospitali inaujua ugonjwa wake na yeye mwenyewe haujui.

Tuseme kwamba amebahatika akapatikana, akapelekwa Dar es Salaam. Tiba ya mionzi kwa ugonjwa kama wake hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 kwa juma kwa muda wa majuma 5 hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani. Wataalamu hushauri kwamba tiba yote ikamilike ndani ya majuma 8, kwa sababu tiba ikikatizwa, chembe za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana upya. Je, katika majuma hayo mama huyu atalala wapi? Atakula nini? Nani atawapikia watoto? Fedha alizopata kwa kuuza mbuzi zinakwisha katika juma la tatu, naye anapanda basi na kurudi. Daktari ataandika kwamba mgonjwa ameacha tiba. Lakini mwenye kutazama vizuri ataona kwamba hakuiacha kwa hiari yake. Kwa mgonjwa wa namna hii nauli, malazi na ugali ni sehemu ya dawa, na asipovipata ni sawa na mashine kuzimwa katikati ya kazi.

Ndugu zangu, nchi hii imekwisha kukabiliana na tatizo la namna hii katika ugonjwa mwingine, na ikaishangaza dunia. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mmoja wa wataalamu walioshirikiana nasi alikuwa Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Dawa za kifua kikuu zilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni utaratibu. Mpango ule ukaweka mratibu katika kila wilaya na daftari la wagonjwa. Kila aliyegunduliwa kwa hadubini aliandikwa jina, akafuatwa mpaka mwisho wa tiba yake, na mwisho huo nao ukaandikwa: amepona, amefariki, amehamia kwingine, au ametoroka tiba. Kila robo ya mwaka mratibu alitakiwa atoe hesabu ya watu wake wote. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuufanya mfano kwa mataifa mengine.

Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema hapa. Mgonjwa wa saratani naye awe na daftari linalomfuata, na awepo mtu mwenye jina na ofisi atakayeulizwa: mama yule wa Ihumwa tuliyemwandikia rufaa mwezi wa tatu, yuko wapi? Jibu la "hatujui" lisikubaliwe. Haihitaji fedha nyingi kuweka namba 2 za simu badala ya moja, kuandika jina la balozi au mwenyekiti wa mtaa wake, na kumpigia simu asiporudi kuchukua jibu lake. Inahitaji mtu aone kwamba ni wajibu wake.

Sisemi hivyo ili kudharau mashine. Jirani zetu wa Uganda waliona machungu yake. Mwezi wa Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwa ikiwahudumia wananchi huko Mulago iliharibika kabisa, na mpya haikuanza kazi hadi Januari 2018. Wenye uwezo walikwenda Nairobi. Wasio na uwezo walingoja. Kwa hiyo mashine lazima ziwepo, zitunzwe, na mafundi wake wafundishwe. Lakini mashine nzima inayofanya kazi Dar es Salaam haimsaidii mgonjwa ambaye jibu lake limo kabatini.

Sasa nielekeze maneno kwa walimu. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu kila mara, na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga katika mwili wenye kinga nzuri. Chanjo ya kirusi hicho ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wasichana hao wako wapi? Wako mbele yenu, kwenye madawati. Uvumi umezagaa kwamba chanjo hiyo huleta ugumba. Mzazi anayeusikia hamwulizi mganga mkuu wa mkoa, ambaye hamjui. Humwuliza mwalimu, kwa sababu anamjua na amemkabidhi mtoto wake. Mwalimu akisema "mimi sijui" huku akitikisa kichwa, mtoto yule atabaki nyumbani siku ya chanjo. Mwalimu akieleza kwa utulivu kwamba chanjo haigusi uzazi, bali humkinga mtoto na ugonjwa utakaomsubiri akiwa na umri wa mama yake, amefanya kazi ambayo daktari bingwa hataweza kuifanya miaka 30 baadaye.

Hali kadhalika, walimu wa kike na wake za walimu wawe mfano kwa kwenda kupimwa. Kipimo chenyewe ni rahisi. Muuguzi hupaka siki iliyopimwa, na baada ya dakika moja hivi mahali penye hitilafu huonekana peupe. Mara nyingi hitilafu hiyo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa au kwa joto, kabla haijawa saratani. Mwaka 2020 mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa wawe wametibiwa. Shabaha hiyo haitafikiwa mikutanoni. Itafikiwa zahanati kwa zahanati.

Tunao mfano wa kutuongoza katika elimu hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka na kuchimba vyoo. Uzuri wa kampeni ile ni kwamba mtu hakuondoka na maneno matupu. Aliondoka na kazi ya kufanya. Nasi tukizungumza juu ya saratani mwananchi aondoke na mambo machache ya kukumbuka: kidonda kisichopona, uvimbe usiotoweka, damu isiyo ya kawaida, chakula kinachokwama kooni, kukonda bila sababu. Akiona mojawapo kwa zaidi ya majuma 3, aende kituoni, na akipewa vidonge visivyomsaidia, asione haya kudai atazamwe tena.

Kwa watumishi wa maofisini nina maneno mawili. La kwanza ni juu ya karatasi. Mgonjwa wa saratani hupita mikononi mwetu mara nyingi kuliko anavyopita mikononi mwa daktari. Yuko anayeidhinisha likizo ya ugonjwa, yuko anayepiga mhuri barua, yuko anayetafuta jalada. Mtumishi anayemwambia mgonjwa "njoo Jumatatu" bila sababu amemwongezea ugonjwa juma moja. Hali ni hiyo hiyo kwa mkuu wa kazi ambaye, mtumishi wake akirudi kutoka kwenye tiba akiwa dhaifu na nywele zimenyonyoka, humtazama kama mzigo wa ofisi. Mtu huyo anahitaji kazi nyepesi kwa muda, na anahitaji kuendelea kuitwa kwa cheo chake.

La pili ni juu ya bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, na ulianza na sisi watumishi wa umma. Tumeujua usalama wa kuwa na kadi mfukoni kwa zaidi ya miaka 20. Mkulima wa zabibu aliye jirani na ofisi zetu hakuwa na usalama huo. Bunge, lililoketi hapa hapa Dodoma, lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Yatupasa kuisimamia sheria hiyo kwa moyo ule ule ambao tungeisimamia kama ingekuwa inahusu mishahara yetu. Tena tukumbuke kwamba kadi hulipa dawa, lakini hailipi malazi ya majuma 5 mjini. Katika jambo hilo halmashauri, vyama vya wafanyakazi, misikiti na makanisa vina nafasi ya kusaidia, kwa kumchangia mgonjwa nauli na chakula kabla hajaondoka, jinsi tunavyochangia mazishi yake baadaye bila kusitasita.

Ndugu Mwenyekiti, sitakuwa nimetenda haki nisipotaja wale ambao hawatapona. Tukisema ukweli, kwa hali ilivyo leo wao ndio wengi. Wapo wanaoambiwa "nenda nyumbani, hakuna la kufanya." Maneno hayo si kweli. La kufanya lipo. Mionzi ya siku moja tu huweza kutuliza maumivu ya mifupa. Mofini ya maji, ambayo hunywewa kwa mdomo kila saa 4, huweza kumfanya mtu aliyekuwa akilia usiku kucha alale, aamke, na azungumze na wanawe. Nchini Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha huduma ya namna hiyo mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuandika mofini, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Hapa kwetu Hospitali ya Selian huko Arusha imefanya kazi kubwa ya kuwafuata wagonjwa majumbani kwa huduma hiyo, inayoitwa tiba shufaa.

Wapo wanaoiogopa mofini wakidhani itamfanya mgonjwa kuwa mlevi wa dawa. Ikitolewa kwa kipimo na kwa saa, chini ya uangalizi, hofu hiyo haina msingi. Kinachofaa kuogopwa ni mzee aliyelitumikia taifa miaka 30 akafa akipiga kelele katika chumba cha nyuma, ilhali dawa ipo na bei yake si kubwa. Kwa hiyo mratibu niliyemtaja asifunge daftari lake pale daktari anaposema hakuna tumaini la kupona. Aandike pia: je, mgonjwa huyu ana maumivu? Ametembelewa lini? Nani anamwuguza, na mwuguzaji huyo amepumzika lini? Maana mara nyingi mwuguzaji ni binti aliyeachishwa shule, na hapo mwalimu anarudi tena katika safari hii, kwa kumtafuta mtoto yule na kumrudisha darasani.

Tulipopata uhuru maadui wetu walitajwa kuwa ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika saratani maadui hao 3 hutembea pamoja. Ujinga humchelewesha mgonjwa nyumbani, umaskini humrudisha kutoka Dar es Salaam kabla ya wakati, na maradhi humaliza kazi iliyoanzwa na wenzake. Ndiyo maana hospitali peke yake haiwezi kushinda vita hivi, hata ikijengwa kubwa namna gani.

Napendekeza basi kwamba kikao hiki kisiishe hivi hivi. Kila shule iliyowakilishwa hapa imchague mwalimu 1 atakayeshughulika na chanjo na kujibu maswali ya wazazi. Kila ofisi imchague mtumishi 1 atakayemsaidia mgonjwa na karatasi zake. Zahanati zetu zianze daftari la rufaa za saratani, hata kama ni daftari la kawaida la shule lililopigwa mistari kwa rula, na mwisho wa kila mwezi lisomwe: nani alipelekwa, nani alifika, nani hajarudi. Na kwa yule ambaye hajarudi, mtu ainuke na kwenda kumgongea mlango.